Chiriku na Mkono Mkavu

Nilipokuwa mtoto huko Isimani, kulikuwa na ndege mmoja tu tuliyekatazwa kumpiga kwa manati. Njiwa tulipiga, kwale tulitega, na wale wanaovamia mtama kwa makundi tuliwafukuza kwa mawe na makopo. Chiriku hatukumgusa. Ni ndege mdogo mwenye rangi ya vumbi, michirizi kifuani, mstari mweupe juu ya jicho na mdomo mfupi, mnene, wa kupasulia mbegu. Siku hizi naona watu wengi wanamwita shomoro, nao wanakosea. Shomoro hukaa kwenye paa la nyumba na kuokota makombo mlangoni. Chiriku ninayemsema alikaa kwenye majabali, pale ambapo hata mbuzi walipita haraka kwa sababu hapakuwa na jani la kutafuna.

Wazee walikuwa na jina lake la Kihehe, lakini nimelisikia likitamkwa kwa namna tofauti na wazee tofauti, kwa hiyo sitaliandika. Kijana mmoja anayeongoza wageni mbugani aliniambia mwaka jana kwamba vitabu vinamtaja kwa jina la Mzungu fulani. Hilo nalo sitaliandika. Mzungu huyo hakuwapo.

Isimani, ambako sasa wengi huandika Ismani, ni nchi kavu. Watu wanaoijua Iringa ya Mufindi, ya misitu na ukungu, hawawezi kuamini kuwa ni mkoa mmoja. Kwetu kulikuwa na mawe makubwa ya rangi ya kijivu yaliyolala kama ng'ombe, miiba, na mashamba yaliyosubiri mvua moja kwa mwaka. Nyuma ya mji wetu kulikuwa na mwamba mpana, na chini yake maji kidogo yalitoka kwenye ufa hata wakati wa kiangazi. Chiriku walishuka hapo kila asubuhi kunywa. Sasa ninaelewa kwa nini ndege wanaokula mbegu kavu huhitaji maji kila siku. Wakati huo tulielezwa vingine: kwamba chiriku ni wa marehemu wa ukoo, na kwamba wao ndio wanaojua mvua imeshikwa na nani.

Juu ya mwamba ule kulikuwa na vishimo vidogo, kila kimoja kama kiganja cha mkono, na kila jiko katika ukoo wetu lilikuwa na kishimo chake. Kabla ya kupanda, wanawake walipeleka mbegu, kila mmoja konzi moja ya ulezi, akaiweka kwenye kishimo cha jiko lake. Kisha wote walirudi nyuma, wakakaa chini na kunyamaza. Ndege walipokunywa walipanda juu kula. Mbegu zikiliwa, mwanamke huyo alikuwa huru kupanda. Zikiachwa hadi jua kufika utosini, ilisemwa ana mkono mkavu.

Mwaka wenye mvua, mkono mkavu ulikuwa jambo la kutaniwa. Mwanamke huyo hakugusa mbegu msimu ule, wenzake walimpandia, naye akawapikia wao. Mwaka wa ukame mambo yalikuwa mengine. Mwenye mkono mkavu aliondolewa, akarudishwa kwao mpaka mvua inyeshe na mavuno yaingie, ndipo mume alipokwenda kumchukua. Watoto walioacha kunyonya walibaki kwa baba yao.

Mama yangu alikuwa Msafwa wa Inyala, upande wa Mbeya. Baba alimwoa alipokuwa karani wa ghala huko, akaja naye Isimani akiwa mke wa pili. Jina lake la ubatizo lilikuwa Salome. Alikuwa pia na jina la kwao alilopewa na bibi yake, na sikumbuki mtu yeyote wa Isimani aliyewahi kuliuliza. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alimwita Yule wa Mbeya. Alimwita hivyo akiwa naye jikoni, akiwa anapokea maji mkononi mwake, hata akiwa anamsifu. Mke mkubwa, Mama Agnesi, alimwita hivyo kwa kumwigiza Bibi, na watoto wake nao wakamwigiza mama yao.

Mimi nilikuwa mtoto wake pekee. Nilikuwa nimeanza shule, darasa la kwanza, na nilikuwa najua kuandika jina la Salome kwenye vumbi kwa kijiti.

Mwaka ninaousimulia, mvua ilichelewa. Novemba ilikuwa inaelekea kwisha na mawingu yalikuwa yakija mchana na kutawanyika jioni. Bibi ndiye aliyeshika habari za mwamba. Akatangaza siku, wanawake wakapanda mwambani na mbegu zao. Watoto tuliruhusiwa kukaa nyuma, mradi tusikohoe.

Ndege walishuka, wakanywa, wakapanda. Walikula kwa Mama Agnesi. Walikula kwa wake za baba wadogo. Kwenye kishimo cha mama yangu alitua mmoja, akapiga mdomo mara chache, akatikisa kichwa na kuruka. Akaja mwingine, akafanya vile vile. Baada ya hapo hawakurudi. Jua lilipanda, na zile mbegu nyeusi nyeusi zilibaki kama zilivyowekwa.

Tulipokuwa tukishuka, maneno yalianza. Mmoja wa wake za baba wadogo alisema kwamba pengine ndege wa huku hawajui Kisafwa. Wakacheka. Mama Agnesi akaongeza kwamba mbegu za Mbeya zinanuka viazi, mtoto yeyote angezijua gizani. Mama yangu alicheka nao kidogo. Nadhani alidhani bado ni utani.

Jioni Bibi alimwita uani, mbele ya baba na mbele ya wote. Mama alieleza waziwazi. Alisema kwao mbegu haiwekwi ndani ya kihenge peke yake, kwa sababu ya ukungu na unyevu. Hutundikwa juu ya jiko ishike moshi, kisha huchanganywa na majivu na pilipili ili wadudu wasiiguse. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya na mbegu zake hata Isimani, ingawa hapakuwa na unyevu wowote. Ndege wamekataa moshi na majivu, alisema. Hawakumkataa yeye.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Sitamsingizia, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akamgeukia Mama Agnesi akamwambia ampe mwenzake konzi moja ya ulezi kutoka kihenge chake, ulezi safi, na kesho mwamba upandwe tena kwa ajili ya mmoja tu.

Mama alilala na furaha usiku ule. Najua kwa sababu tulilala kitanda kimoja, na alinieleza habari za Inyala, jinsi asubuhi ukungu unavyoficha ng'ombe mpaka usikie kengele zao tu.

Kesho yake walipanda watu wengi zaidi. Mbegu ziliwekwa kwenye kishimo kimoja tu, na hapakuwa na chochote kingine cha kula juu ya jiwe lile. Ndege walishuka, wakanywa, wakapanda, wote, kundi zima, wakajazana kwenye kishimo cha mama yangu mpaka wakasukumana. Walikula mpaka jiwe likabaki tupu. Mama aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya watoto, akatabasamu.

Kisha Bibi alisimama, akijishikilia kwenye fimbo yake, akasema, bila hasira:

"Jana walimkataa. Leo amewaita, wamekuja. Nani kati yenu amewahi kuwaita ndege wa wafu wakamjia?"

Wale wanawake waliokuwa wamekaa karibu na mama walisogea, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama watu wanaoepa jua. Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, nimekaa katika mabaraza na vikao vya kila namna, lakini sijaona tena mtu akifungiwa milango miwili kwa ufunguo mmoja namna ile. Ndege wakikataa, ana hatia. Wakikubali, hatia yake ni kubwa zaidi.

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa amesimama pembeni na wanaume, akiwa amevaa koti lake la karani. Alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote pale. Alijua Kiingereza cha ofisini na alikuwa na hati nzuri sana ya mkono.

"Baba Elia," mama alimwita kwa jina langu, kama ilivyo desturi. "Sema neno. Majivu umeyaona mwenyewe nikiyachanganya."

Baba alikung'uta vumbi kwenye mkono wa koti.

"Sikiliza unachoambiwa," alisema.

Ikaamuliwa aondoke kesho yake. Kwa kuwa kosa lake sasa halikuwa la mkono mkavu tu, Bibi aliongeza jambo ambalo, alisema, lilifanywa zamani za wakwe zake. Vijana walipaka ulimbo kwenye kijiti karibu na ule ufa wa maji, wakamnasa chiriku mmoja. Bibi alimfunga mdomo kwa uzi mweusi, akauzungusha na kuukaza mpaka ndege akawa anapumua kwa kutetemeka mwili mzima. Akamtia ndani ya kibuyu kidogo, akaziba kwa majani. Mama aliagizwa kumchukua ndege huyo kwenye lori hadi Ipogolo, avuke naye daraja la Ruaha Ndogo, na kumwachilia ng'ambo. Ndege akivuka mto, ameondoka na kilichoifunga mvua. Akifa njiani, ilisemwa, mwenye kumbeba naye hafiki mbali.

Agizo hilo lilitolewa watoto wakisikia. Agnesi, dada yangu wa kwa mama mkubwa, aliniuliza kama mama yangu akifa kwenye lori wataniletea maiti au wataiacha Ipogolo. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Niliruhusiwa kumsindikiza mpaka dukani, ambako lori la mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Iringa mjini lilipita kuchukua mahindi. Tulitoka asubuhi. Mama alibeba furushi kichwani na kibuyu mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine. Baba alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida, akaenda kukagua shamba ambalo halikuwa na kitu cha kukagua.

Tulipofika mahali njia inapopinda chini ya majabali, mji wetu haukuonekana tena. Mama alitua furushi, akakaa juu ya jiwe na kutoa majani kwenye kibuyu. Alimshika yule ndege ndani ya kiganja, akainama na kuukata uzi kwa meno, taratibu, kama anavyokata uzi mtu anayeshona nguo. Kisha alitemea mate kidogo kwenye kidole, akamlowesha ndege mdomo. Ndege alikaa mkononi mwake kwa muda, macho yamefumba. Nilidhani amekufa. Halafu akaruka, akatua juu ya jabali, akajikung'uta na kupotea.

"Mama, hapa si Ipogolo," nilimwambia.

"Najua si Ipogolo."

"Bibi alisema mtoni."

"Bibi yako hajafungwa mdomo," mama alisema. Akajaza majani ndani ya kibuyu, akakiziba, akanyanyuka.

Dukani aliniambia mambo ya kawaida. Nioge, nisimjibu Mama Agnesi, niendelee na shule. Alisema baba atamfuata baada ya mavuno, ndivyo desturi ilivyo, na mavuno si mbali. Alipanda juu ya magunia, akakaa akinitazama huku lori likienda, kibuyu chake kitupu mapajani.

Mvua ilinikuta njiani kurudi. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya matone makubwa yanayouma, na nilipofika pale njia inapopinda, maji yalikuwa yanaporomoka juu ya mawe yale yale. Nyumbani nilikuta watu wamesimama nje, wamelowa, wanacheka. Mama Agnesi alikuwa amefungua mikono kama mtu anayepokea mtoto. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, amefumba macho. Wakasema ndege amevuka mto.

Nami nilifurahi. Nilikuwa nimelala na njaa mara nyingi mwaka ule, na mvua ni mvua.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anajua mwendo wa lori lile kwenye barabara ile, linavyosimama kila duka. Aliniita nyuma ya nyumba, tukasimama chini ya upenu, maji yakimwagika mbele yetu.

"Lori limeondoka saa ngapi dukani?"

Nilimwambia nilivyojua, kwamba lilikuwa halijafika mbali.

"Basi hajafika Ipogolo."

"Hajafika, baba. Na ndege hakwenda naye. Alimwachilia hapa hapa chini ya majabali."

Uso wake haukubadilika, lakini alinishika bega, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Usimwambie Bibi yako," alisema. "Wala mtu mwingine yeyote."

Niliondoka pale nikiwa nimejaa siri kubwa na tamu. Nilielewa kwamba baba amejua mama hana kosa. Nilielewa pia kwamba atamfuata mapema, kimyakimya, labda kabla hata ulezi haujachanua. Sikumwambia mtu. Niliilinda siri ile kama mtu anavyolinda kaa la moto lisizimike.

Tulivuna vizuri. Vihenge vilijaa mpaka tukaazima vya jirani. Na hapa nataka niwe mkweli kabisa kuhusu Bibi yangu, kwa sababu watoto wangu wanaposikia habari hii humlaani yeye. Baada ya mavuno, tukiwa tunakula jioni, Bibi mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema mvua imenyesha, chakula kimeingia, jambo limekwisha.

"Kamlete mkeo," alimwambia baba.

Nilishika tonge mkononi bila kulipeleka mdomoni. Baba aliendelea kula. Alimaliza, akanawa, akajifuta mikono.

"Nyumba imetulia, mama," alisema.

Bibi alimwangalia. Kisha akasema kwamba mke ni wake, na mwenye kuamua ni yeye. Hakulitaja tena. Mwaka uliofuata baba alinipeleka shule ya bweni, akanilipia mpaka nikamaliza shule ya kati, na hakukosa kuniletea sabuni na madaftari kila muhula. Alikuwa baba mwangalifu. Ndege wale waliendelea kula mwambani mpaka nilipokuwa mtu mzima, na wake waliobaki waliendelea kupeleka konzi zao. Desturi hiyo ilikoma yenyewe wakati watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na sijamsikia mtu akiililia.

Nilipoajiriwa nilipangwa Mbeya, na Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda Inyala. Nilimkuta mama amekaa nje anamenya viazi. Alinijua kabla sijasema jina. Tulikaa mchana kutwa, akaniuliza habari za kila mtu, pamoja na Mama Agnesi, pamoja na Bibi ambaye alikuwa amekwisha kufa. Hakuolewa tena. Aliniambia kwamba msimu ule wa kwanza, kila lori lililotoka Iringa likisimama barabarani, alitoka nje kuangalia nani anashuka. Alikuwa amefunga furushi lake na kuliweka nyuma ya mlango, ili mume asije akamchelewesha dereva. Alilifungua panya walipoanza kulitafuna.

Jua lilipokuwa linashuka aliuliza swali ambalo, niliona, alikuwa amelishika tangu nifike.

"Baba yako mwaka ule aliugua?"

"Hapana, mama."

"Hakuugua hata kidogo? Homa? Miguu?"

"Hakuugua."

Akachukua kiazi kingine, akakimenya chote, maganda yakaanguka kwa mkanda mmoja mrefu.

"Mimi nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba alikuwa mgonjwa," alisema.

Watu wanaponiuliza leo, mimi mzee wa kanisa na mtu wa shule, kama ushirikina ndio uliovunja nyumba yetu, najua wanataka niseme ndiyo. Ni jibu linalokaa vizuri mdomoni. Lakini nimelipima jambo hili miaka mingi na kila mara naona kitu kile kile. Imani ile ilimwondoa mama yangu, kwa ukatili ambao sitausamehe, na imani ile ile ilimwekea siku ya kurudi. Bibi aliyeamini yote aliifungua njia. Aliyeifunga ni mtu aliyekuwa haamini hata neno moja.